Siri ya Wifi Niliyoichapa Kwenye Foronya

Admin, jina langu liache pembeni, maana ndugu wa mume wangu wengi wapo humu. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili. Nina kibanda Mwanjelwa, nachapa maandishi kwenye vikombe, aproni na foronya.

Watu walipochoka "Nakupenda Mama", nikaanza kuchapa visa vifupi kwenye foronya. Mwanzo upande mmoja, mwisho upande wa pili. Zikapendwa kweli! Dada mmoja alirudi anacheka, eti mume wake anamtoa kichwa kwenye mto ili ajue ilivyoishia.

Halafu visa vikaniishia. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliwahi kuniambia huku analia kwamba Neema, tunayemjua kama mdogo wao wa mwisho, yeye ndiye aliyemzaa. Alipata mimba akiwa shule, mama yao akamlea mtoto kama wake. Mume wangu mwenyewe hajui. Mimi nikakifanya kisa. Nikabadilisha majina, nikakihamishia Makongolosi. Ila baka jeusi alilonalo Neema nyuma ya sikio nikaliacha vilevile, eti kinoge.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Iringa, akapita kibandani kuchukua foronya za Neema, anayekwenda shule ya bweni. Sikuwepo. Jirani yangu akamfungia mbili zenye kisa hicho bila kujua.

Jana Neema akanipigia.

"Shikamoo wifi. Huyu mtoto wa kwenye foronya ana baka kama langu. Umemtoa wapi?"

"Nimetunga tu, mdogo wangu."

"Mbona dada alivyosoma akaanza kulia?"

Nikasingizia mtandao, nikakata. Nikampigia wifi nimwombe msamaha. Alisema neno moja tu, "Wewe?" Tangu hapo hapokei.

Leo asubuhi Neema kanitumia ujumbe: "Nimepanda basi. Nakuja, utanieleza ana kwa ana." Saa hizi atakuwa ameshapita Makambako. Nimefunga kibanda, nimekaa tu.

Nikimwambia ukweli, nasema jambo ambalo mama yake mzazi hajamwambia kwa miaka kumi na sita. Nikimdanganya, yule mtoto ana akili, atanisoma usoni. Jamani, matusi nitayapokea baadaye, nastahili. Kwanza niambieni: akishuka stendi, akanishika mkono akauliza mama yake ni nani, nimjibu nini?