Kifuniko Ambacho Sikukionja

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama nyuma ya jengo la madarasa katika shule moja ya msingi huku Biharamulo, nimeshika chupa ya soda ambayo ndani yake hamkuwa na soda. Miaka mingi imepita. Nimestaafu ualimu, meno mawili yamenikimbia, lakini chupa ile bado naihisi mkononi, na wiki hii imezidi uzito. Nitakueleza kwa nini. Niruhusu kwanza nikae. Nikishindwa kukaa utanisamehe, maana tangu jana mchana situlii mahali pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawe, Ngara. Nyumbani kwetu hakuna aliyekupa kinywaji bila kukionja yeye kwanza mbele ya macho yako. Bibi aliyenilea alikuwa hodari wa jambo hilo. Awe mgeni padri, awe jirani aliyekuja kuazima jembe, bibi aliinua kibuyu, akapiga funda moja, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo akakukabidhi. Hata maji alionja. Hata uji wa mtoto. Sisi wajukuu tulidhani ni uroho wa uzee.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nililala chumba kimoja na msichana aitwaye Kabula. Kwao ni Runazi, upande wa Biharamulo. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Katika ukoo wao wote yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Siku anaondoka, baba yake alimpa kipande cha chaki, kifupi kama jino, alichokiokota kwenye uwanja wa shule. "Hiki kifupi," alimwambia. "Ukirudi, uje na kirefu." Kabula alikiweka kwenye mkebe wake wa kalamu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Likizo moja nilimpeleka Mabawe. Bibi alipoonja juisi ya ndizi kabla ya kumpa, Kabula akaninong'oneza, "Mbona bibi yako ananipunguzia?" Tulicheka mpaka bibi akatuuliza kama tumeona nyani.

Basi, ukafika muda wa mazoezi ya kufundisha, tukapangwa shule moja. Siku ya kwanza Kabula alisimama mbele ya darasa la tano na ulimi ukamchanganyia "l" na "r", kama unavyotuchanganyia wengi wetu huku ambao Kiswahili tumekutana nacho shuleni. Watoto wakamwiga mpaka kengele ilipolia. Alirudi amevimba macho.

"Kesho siendi," akasema. "Narudi Runazi kuchunga ng'ombe. Ng'ombe hawachekagi mtu."

Nilitaka kumsaidia, mwanangu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wengi wanaoharibu wenzao hawaanzi kwa ubaya. Palikuwa na mwanachuo mwenzetu, Sospeter, kijana mcheshi, anayependwa na kila mtu. Alinipa chupa ya soda iliyojazwa gongo, pombe kali ya kienyeji. "Hii ndiyo dawa ya woga," alisema. "Kifuniko kimoja tu, na simba anakuwa paka." Mimi sikuwa nimeigusa hata kwa ncha ya ulimi. Harufu yake tu ilinitoa machozi. Niliipokea kwa sababu nilimpenda Kabula, na pia kwa sababu niliogopa Sospeter ataniita mshamba. Yote mawili ni kweli.

Ndipo ikawa ile asubuhi nyuma ya madarasa. Nikajaza kifuniko, nikamnyooshea. Kabula akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Leokadia, bibi yako huonja kwanza. Wewe umeonja?"

"Nimeonja tangu saa kumi na mbili," nikamjibu. "Unaniona nimekufa?"

Akacheka. Akanywa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua wiki tano. Siku ile Kabula alifundisha vizuri kuliko sisi sote. Watoto walimwiga naye akajiiga mwenyewe, darasa likaangua kicheko cha upendo. Mimi nilijisifu moyoni. Kesho yake akaniomba kifuniko. Wiki ya pili vilikuwa viwili, kisha vitatu, kisha hakuniomba tena, akawa anakwenda kwa Sospeter mwenyewe. Tone na tone huwa mchirizi. Nilimwona akiosha uso mara nyingi. Nilimwona akitafuna majani ya mpera kuficha harufu. Nilisema moyoni, atapumzika mazoezi yakiisha. Nikanyamaza.

Siku ya mkufunzi kuja kumkagua, Kabula aliingia darasani akiwa amekunywa tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na mkufunzi, na daftari langu magotini. Aliandika tarehe ubaoni, mstari ukapanda kama njia ya mlimani. Akaufuta. Akauandika tena, ukapanda tena. Akainama kumsahihishia msichana mdogo wa dawati la mbele, na yule mtoto akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma kitabu:

"Mwalimu unanuka kama baba."

Hakuna mtoto aliyecheka. Siku ile ya kwanza walicheka darasa zima. Siku hii walitazama chini, maana wengi wao walikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani. Kabula akaweka chaki mezani, taratibu sana, akatoka mlangoni, akakimbia.

Wiki hiyo hiyo alifukuzwa chuo. Alipoulizwa nani alimpa pombe, alisema alinunua mwenyewe. Hakunitaja. Sospeter nilimkuta uwanjani na wenzake, nikamwambia, "Kabula anaondoka leo, twende tukamuage." Akasema, "Kabula yupi? Yule mlevi?" Wenzake wakacheka. Nikatazama mdomo wake nikagundua kwamba hata yeye, muda wote ule, sikuwahi kumwona akinywa kutoka kwenye chupa anayogawa.

Chuo kilipofunga nilikwenda Mabawe. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Akachota juisi ya ndizi, akapiga funda lake, akafuta mdomo wa kibuyu, akanipa. Mikono yangu ikakataa. Nilikaa pale, bibi bado amenishikia kibuyu mbele yangu, nikaanza kulia, na maneno yote yakatoka.

Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulionja?"

"Hapana, bibi. Nilimdanganya."

Alikiweka kibuyu chini. "Mnanicheka ninavyoonja, mnafikiri nina kiu. Ninapoonja sitafuti utamu. Ninamwambia mgeni: kama humu mna ubaya, umeanza na mimi. Ninajifunga naye. Wewe ulimfunga mwenzako kamba, wewe ukabaki nje umeshika ncha." Kisha akasema, "Sasa nenda ukaonje."

"Nikanywe gongo, bibi?"

"Acha ujinga! Alichokipata yule mtoto, kakipate na wewe. Njia ni hiyo hapo."

Nilipanda gari kwenda Runazi kesho yake. Nilimkuta Kabula kwenye shamba la mihogo, amekonda, anapalilia bila kuinua kichwa. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwambia kila kitu, hata ule uongo. Mzee akaniuliza:

"Ni wewe uliyempa?"

"Ni mimi, baba."

"Na umekuja mwenyewe, hakuna aliyekutuma?"

"Bibi yangu amenituma."

"Basi una watu," akasema. "Kaa, ule. Kesho tutakwenda chuoni wote watatu."

Tulikwenda. Niliyasema yale maneno mbele ya mkuu wa chuo. Nilimtaja na Sospeter. Yeye alikana kila kitu, na zaidi yetu sisi wawili hakuna aliyekubali kusema alimwona. Mkuu alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini mwishoni adhabu ya Kabula ya kufukuzwa moja kwa moja ilifutwa. Tulipewa mwaka mmoja nje, sote wawili, sawasawa. Wenzetu wakahitimu, sisi tukalima. Watu wa kwetu walinicheka kanisani. Nilionja, mwanangu. Ilikuwa chungu, na tangu asubuhi ile nyuma ya madarasa sikuwahi kulala usingizi mzuri kama nilioulala mwaka ule.

Usidhani Kabula alipona kwa siku moja. Mwili uliokwisha kuzoea una madai yake. Nilimtembelea mara kwa mara. Siku moja nilimkuta kilabuni, ameketi na wanaume wa rika la baba yake, na aliponiona akafunika uso. Hatukumgombeza. Mama yake na mimi tulimshika mkono tukampeleka zahanati, na muuguzi wa pale alimwambia neno ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia: "Haya ni maradhi, na maradhi yana tiba." Alianguka tena baada ya hapo, akainuka tena. Tuliporudi chuoni na kupangiwa tena mazoezi, alisimama mlangoni mwa darasa asiingie. Mimi nilichota kikombe cha maji, nikapiga funda mbele yake, nikampa. "Unanipunguzia," akasema. Akanywa, akaingia. Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka mazoezi yakaisha. Alifundisha mpaka kustaafu, na "l" na "r" zikaendelea kumchezea mpaka mwisho; wanafunzi wake walimpenda kwa hilo. Siku anahitimu alimpelekea baba yake chaki moja nzima, ndefu, ndani ya bahasha.

Sasa sikia kilichonitoa kwenye kiti. Nyuma ya nyumba yangu hapa mjini nimepangisha vyumba, na wapangaji wangu ni wanachuo. Jana mchana nilikuwa naanika maharage, mlango wa chumba cha tatu uko wazi. Nikaona kijana anamnyooshea chupa ya soda binti wa mwaka wa kwanza, mtoto kutoka Kanazi ambaye hata mwezi hajamaliza hapa. Binti akauliza ni nini. "Kunywa tu," akaambiwa, "mtihani hautakuogopesha." Na kijana hakuonja. Nilisimama na ungo mkononi kama mtu aliyepigwa na radi. Binti akaiweka chini, hakunywa, lakini hakuirudisha pia. Iko pale chini ya meza hata sasa.

Nisikie vizuri, mwanangu, usije ukafikiri nakufundisha kuonja. Gongo, bangi, vidonge visivyotoka kwa daktari, hivyo hata mtu akivionja mbele yako mara mia, vikatae. Atakuwa amejifunga na wewe kwenye shimo moja. Ninachokufundisha ni swali. Anayekunyooshea chupa, mtazame usoni ujiulize: nikianguka, huyu atakwenda kwa baba yangu kupiga goti? Kama jibu ni hapana, huyo hakupi kitu, anakupima. Na wewe kama ndiye unayenyoosha mkono, hata kwa huruma, rudisha mkono. Woga wa mtihani, wa darasa, wa kuchekwa, ni kitu cha kusema kwa mtu: mwalimu, mlezi wa wanafunzi, mama mwenye nyumba. Woga ukisemwa hupungua. Ukinyweshwa hunenepa.

Na kama umeshaanza, mficha maradhi kifo humuumbua. Hujachelewa. Nenda zahanati, nenda kwa mtu mmoja unayemwamini, na ukianguka tena nenda tena. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyefunika uso kilabuni akisimama ubaoni miaka yake yote.

Basi, nimeshindwa kukaa. Nimejaza kikombe cha maji na ninakwenda kubisha mlango wa chumba cha tatu. Nitapiga funda langu kwanza, kisha nitampa yule binti, halafu nitamwomba anisimulie huo mtihani anaouogopa.

Mungu akupe marafiki wanaoonja kwanza, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema woga wako mchana kweupe. Ulichokwenda nacho chuoni kifupi, urudi nacho kirefu.