Masika Kuvu Lilipoingia Kwenye Mbegu

Juzi nilifungua sanduku la nguo kwa mwanangu, harufu ya ukungu ikanipiga puani, nami, usinicheke, nikatabasamu. Harufu ile ni utoto wangu mtupu, Kilwa Kivinje, zama za Wadachi, yaani Wajerumani.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mawe, na kila masika kuta zake zilitoa jasho. Madoa meusi yalipanda kutoka sakafuni, kanzu zikaota manyoya ya kijani, hata mikeka ilinuka. Mwaka ule ukungu ulizidi, maana tulijaa. Shangazi, binti yake bibi aliyeolewa Mitole, alitukimbilia na wanawe baada ya askari kuchoma maghala ya kijiji chao katika vita vya Majimaji. Aliokoa kikapu kimoja tu cha mtama wa mbegu. Akakiegemeza ukutani chumba cha ndani, akakifunika kaniki.

Njia ilipotulia, akataka kurudi awahi kupanda kabla mvua haijakatika. Akafunua kikapu. Weee! Ukelele ule sijausahau. Mtama ulikuwa umeshikana mabonge, umevaa kuvu jeupe.

"Mama, nimekwisha! Nitapanda nini?"

Bibi akapenyeza mkono hadi chini, akanusa. "Hujaisha. Kuvu halina meno, lakini halimngoji anayelia. Inukeni!"

Basi nyumba ikawa kama ya harusi! Jua lilikuwa limechomoza, tukatoa kila kitu uani: vitanda, mikeka, masanduku. Bibi na shangazi wakachambua mtama kwenye ungo, ulioharibika wakautupa, mzima wakauanika jamvini. Sisi watoto tukaugeuza kwa vidole, tukifukuza kuku kwa vifijo. Wingu likipita, tunapiga kelele "Mvua!" na kukimbiza jamvi ndani. Jirani yetu, fundi chokaa, akasugua kuta, kisha akamwagia maji mawe ya chokaa yaliyochomwa tanuuni. Loo! Yakachemka bila moto, yakivuma na kufuka!

"Rudini nyuma, itawapofua!" akafoka, nasi tukazidi kushangilia. Alipomaliza kupaka, chumba kiling'aa hadi tukafumba macho.

Lakini mbegu, je, zilikuwa hai bado? Bibi akafunga konzi ya mtama katika kitambaa kibichi, akakiweka jikoni. Shangazi kila mara alikwenda kukichungulia. Asubuhi moja akakifungua mbele yetu sote: vijizizi vyeupe, vimechipua!

"Zimeota! Mama, zimeota!" Akacheka na kulia pamoja. Bibi akapiga vigelegele, mtaa mzima ukaitikia.

Shangazi aliondoka na nusu ya mbegu alizokuja nazo. Mavuno yakawa haba, lakini wanawe walikula mtama wa shamba lao.

Bibi na shangazi wametangulia mbele ya haki. Nyumba imeanguka, mawe yake watu wamejengea kwingine. Ninachokikosa zaidi ni ule ua uliojaa watu. Siku hizi mtu akiona ukungu hufunga mlango, wageni wasimwone, akausugua peke yake.