Sauti ya Ng'ambo ya Bonde

Mwalimu wa darasa la awali alikuja kwangu kutafuta mbao. Shule ilikuwa imepanga wiki nzima ya watoto kujifunza kwa vitendo, bila ubao na bila kukariri, naye alihitaji mizani ndogo, rafu ya duka la kuigiza na sanduku la kuchezea udongo. Mimi si fundi wa kusomea. Niliishia darasa la saba, na useremala, kama mambo mengine ninayoyajua, niliupata kwenye vitabu vya mitumba na kwa kuharibu mbao nyingi. Nilimwambia vitu hivyo nitavitengeneza, ila nitakuja navyo kila siku na kukaa navyo, maana mizani ya mbao hulegea ikishikwa na mikono mingi.

Hiyo ndiyo sababu niliyoisema. Sababu nyingine ni kwamba tangu mke wangu afariki nyumba yangu ilikuwa imenyamaza. Wanangu wako Tanga na Dar es Salaam. Kulikuwa na siku jua lilizama sijasema neno, isipokuwa kuitikia salamu ya mpita njia.

Jumatatu nilipoingia darasani watoto walisimama wote. "Shikamoo, babu." Walisema kwa pamoja, isipokuwa msichana mmoja wa karibu na dirisha, mwenye sweta la kijani. Yeye alisimama kama wenzake, midomo imefungwa.

"Huyo hasalimii, babu," jirani yake aliniambia. "Ni bubu."

"Si bubu," mwingine akamsahihisha. "Ana jeuri."

Huku kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa hasamehewi upesi. Wakati wa uji mwalimu alinieleza. Msichana yule hakuwa amesema neno darasani tangu wiki ya kwanza ya mwaka. Mama yake anafanya kazi Dar es Salaam, naye analelewa na bibi yake. Hospitali walimpima masikio wakayaona mazima. Sasa Ijumaa bibi ameitwa shuleni. Kama mpaka siku hiyo mtoto hatakuwa amesema, mwalimu atapendekeza apelekwe shule maalumu ya bweni, mbali, nje ya mkoa.

"Sipendi, baba," alisema. "Lakini nikimpeleka darasa la kwanza hivi alivyo, nani atamsubiri?"

"Na bibi yake?"

"Atabaki peke yake. Najua."

Nilimaliza uji wangu, nikarudi kwenye mizani.

Jumanne ilikuwa siku ya udongo. Watoto walifinyanga nyumba, matuta ya kabichi, watu na mifugo, kisha mwalimu akawataka waweke kila mnyama mahali pake. Yeye ni mtu wa Singida na ulikuwa mwaka wake wa kwanza milimani. Alimchukua ng'ombe mmoja akamweka mbali na nyumba. "Huyu anakwenda malishoni," akasema.

Watoto wakatazamana.

"Mwalimu, ng'ombe akitoka bandani si atakula kabichi za watu?"

"Kwani kwenu ng'ombe wanatembea?"

"Wanatembea kutwa," alisema mwalimu.

"Nani anawakatia majani?"

"Wanakula wenyewe."

Kisha mmoja akasema, kwa huruma kabisa, "Pole, mwalimu." Mwalimu alicheka hadi akakaa.

Msichana wa sweta la kijani hakucheka. Alikuwa amesokota ukanda wa jani kavu la mgomba akatengeneza ngata ndogo kama pete, akaiweka kwenye kichwa cha mwanamke wa udongo, na juu yake mzigo wa majani uliofungwa vizuri. Mwanamke yule alielekea bandani. Nilikaa karibu naye nikawa namkatia majani, naye anapokea na kufunga. Tulifanya kazi hivyo mpaka kengele ya kutoka. Kwangu ilikuwa rahisi. Nilikuwa na mazoezi ya kukaa bila kusema.

Jumatano tulifungua duka. Kulikuwa na viazi na karoti za kweli, magunzi yaliyoitwa sabuni, na mizani yangu katikati. Kila mnunuzi alipaswa kutaja anachotaka. Zamu yake ilipofika alionyesha viazi kwa kidole. Muuza duka, mtoto mwenye sauti ya mnadani, akafunika viazi kwa mikono miwili.

"Sema. Bila kusema hakuna kitu."

Alionyesha tena. Kisha akakitua kikapu chake chini, polepole, akarudi kwenye benchi. Mwalimu alinitazama akatikisa kichwa.

Jioni ile niliteremka kwenye shamba langu la chini kukata fito za kuimarisha rafu. Shamba lile sikuwa nimelijali tangu mke wangu aondoke. Liko ukingoni mwa bonde, na ng'ambo, ukitazama moja kwa moja, kuna nyumba chache juu ya matuta. Kushuka hadi mtoni na kupanda tena ni kazi ya kumwagisha jasho, kwa hiyo watu wa pande hizi huzungumza kuvuka bonde. Kuna sauti yake maalumu. Neno hurefushwa, silabi ya mwisho hupandishwa ikaachwa hewani, kisha unasubiri upande wa pili ujibu. Mke wangu alikuwa akiniita kwenye chakula kwa sauti hiyo.

Nikiwa nimeinama na panga niliisikia. Ilikuwa ya mtoto, safi, kwa Kishambaa: bibi, maji yamechemka, moto niuzime? Mwanamke mzee aliyekuwa kwenye matuta ya chini akainua mkono. Mlangoni, juu, alisimama mtoto mwenye sweta la kijani.

Nilikaa chini. Bibi alipanda taratibu hadi uani, akasimama hatua moja tu kutoka kwa mjukuu wake, na mtoto akaendelea kusema kwa sauti ile ile, mdomo umesogea sikioni mwa bibi. Nilisikia kila neno nikiwa ng'ambo. Bibi alikuwa hasikii vizuri. Mtoto alikuwa amelelewa kwa sauti moja tu, ya kuvuka bonde.

Alhamisi asubuhi nilimweleza mwalimu. Alikaa kwenye benchi la watoto.

"Siku ya kwanza aliniamkia kwa kelele, nikashtuka," alisema. "Wenzake wakacheka. Nikamwambia hapa hatupigi kelele." Akaokota gunzi moja la duka sakafuni. "Nilisema mara moja tu, baba."

"Ilimtosha."

Nilipendekeza duka lihamie nje. Uwanja wa shule unaishia kwenye korongo, na ng'ambo yake kuna shamba la shule.

"Na wakimcheka tena?" aliuliza.

"Wote watakuwa wanapiga kelele."

Nilivusha rafu na mizani hadi shambani, nikawa muuza duka mimi. Wanunuzi walipangwa upande wa pili, uwanjani. Wa kwanza akaita, "Babuuu, una karoti?" Nilifungua kinywa kujibu, ikatoka sauti kama kikohozi.

"Babu amekauka!"

"Mpeni babu maji."

Nilijaribu tena, nikajibu. Ilinichukua wateja kadhaa sauti kukaa mahali pake.

Zamu yake ilipofika alisimama muda mrefu ukingoni. Sikumwita. Nilipanga viazi, nikavipangua, nikavipanga. Ndipo akaagiza kwa Kishambaa: anataka viazi, na viwe vikubwa, maana vya jana vilikuwa vidogo. Sauti ikagonga kilima ikarudi. Hakuna aliyecheka. Muuza duka wa jana ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kumbe anatushinda."

Nilimpimia viazi vikubwa.

Ijumaa bibi alikuja, khanga mbili mabegani, akawekewa kiti uwanjani. Mjukuu wake aliagiza duka zima kuvuka korongo. Bibi aliegesha mkono sikioni.

"Ndiyo sauti yake," alisema nilipovuka kurudi uwanjani. "Mlidhani hasemi?"

Mwalimu aliinama akamwambia sikioni kwamba mtoto atabaki hapa hapa, mwakani ataingia darasa la kwanza, na sauti ndogo ya darasani watamfundisha polepole.

"Abaki?" bibi akauliza. "Kwani alikuwa anakwenda wapi?"

Watoto walipotawanyika mwalimu alinishukuru, akaomba vitu viachwe shuleni. Niliikagua mizani, skrubu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa imelegea. Jumatatu isingekuwa na haja ya fundi, nami sikuwa na sababu nyingine niliyoweza kuisema mbele ya mwalimu.

Kesho yake niliteremka shamba la chini. Sikuhitaji fito. Ukungu ulikuwa umeondoka bondeni, na nilikuwa nikikata majani tu ukingoni mwa tuta niliposikia, "Shikamoo, babuuu."

Alikuwa ng'ambo, na ndoo mkononi, akishuka mtoni. Nilinyooka nikajaza kifua. "Marahaba," nikaita, na nikaipandisha silabi ya mwisho kama inavyotakiwa. Lakini njia ya mtoni huko inapita kwenye migomba, na alikuwa ameshaingia. Sikuweza kujua kama imemfika. Niliacha kukata, nikasubiri atokee upande wa pili wa migomba.