Meli Iliyozamishwa Ili Ipakiwe

Harufu ya grisi hunikimbiza hadi leo. Nikipita kwenye gereji ya pikipiki hapa Kikima na kumkuta fundi amefungua kopo lake, naongeza mwendo bila kujua nawahi wapi. Ndiyo harufu aliyorudi nayo baba kila likizo. Mama aliifua ovaroli yake mara tatu, na grisi ikamshinda.

Baba alikuwa baharia. Mnaoijua milima ya Mbooni mtashangaa, maana sisi ni watu wa matuta na maharagwe, na upande wa mama, kule Migwani, mto wenyewe ni mchanga mtupu, maji mnayachimba. Meli yake ilibeba matishari, yale masanduku makubwa ya chuma yanayoelea bila injini. Yalijazwa shehena huko juu mitoni, kwenye maji haba ambako meli kubwa haifiki, kisha yakasukumwa hadi baharini yaingizwe tumboni mwa meli. Baba alinionyesha hayo yote kwa karai la kufulia na viberiti vitupu. Ila hakunionyesha yanaingiaje.

Hilo alilisema kwa simu. Nilikuwa na miaka tisa, na simu yetu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya zizi. Mama alikuwa kwenye mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta, kwa hiyo nikapokea mimi.

"Mwambie mama nitapiga Jumamosi," alisema. "Kesho tunazamisha meli, tufungue milango ya mbele, maji yaingie ndani, ndio hayo matishari..."

Simu ikakatika.

Nilibaki pale juu ya jiwe. Meli inazamishwa, na baba yumo. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemsikia mama akimsihi aache kazi hiyo, nikaona nikimwambia ataugua. Nikamwambia habari ya Jumamosi tu. Jumamosi ikafika, tukashinda kwenye lile jiwe, na simu haikulia. Sijawahi kuogopa namna ile tena.

Jumapili mama alibaki akiisubiri simu, mimi nikaenda kanisani. Mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama.

"Naomba mumwombee baba," nikasema. "Meli yake imezamishwa."

Kwetu, ombi likishatajwa mbele ya kanisa si lako tena. Nilirudi nyumbani polepole, nafsi imetulia kidogo kwa kuwa nimelitoa moyoni, kumbe akina mama wa mwethya wamenitangulia kwa njia ya mkato. Walikuwa wamebeba kuni, unga na ile sufuria kubwa ya matanga. Mama alishuka kutoka kwenye jiwe, akaziona kuni, akajua kuni za wingi huo hupelekwa nyumba ya aina gani. Akaketi chini kwenye vumbi.

"Ni nani amewaambia?" aliuliza.

Wote wakanigeukia mimi.

Baba alipiga kesho yake, kupakia kulikuwa kumechelewa. Alieleza huku akicheka kwamba meli huteremshwa kwa kipimo, maji yakiingia matishari yanaelea hadi ndani, milango inafungwa, pampu zinayatoa maji, nayo inainuka tena. Akina mama walipika ule unga, wakaimba wimbo wa shukrani, na kwa mwaka mzima watoto wenzangu waliniita Mutheu wa Kuzamisha.

Siku hizi baba amestaafu. Juzi tukichambua maharagwe nilimuuliza kama aliwahi kuogopa.

"Kila mara milango ikifunguka," alisema.

"Na hukutuambia?"

"Wewe ulikuwa mtoto. Mama yako nilimwambia mapema sana. Unadhani alikuwa ananiomba niache kazi kwa nini?"

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Mama ametutoka miaka mitatu sasa, siwezi kumuuliza. Lakini naiona Jumamosi ile, sisi wawili tumekaa bega kwa bega kutwa nzima, yeye akijua na mimi nikijua, kila mmoja akimficha mwenzake hofu yake asije naye akaogopa. Ningemshika mkono tu.