Mwenyeji wa Meza ya Woodley

Kanyiva amefanya kazi ya uchapaji River Road, Nairobi, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hajabadilisha hata nukta kwenye kazi ya mteja bila ruhusa. Mzee Kitavi, mwenye duka, aliwawekea wafanyakazi wake sheria tangu mwanzo: mteja huonyeshwa nakala ya kwanza, na akishatia sahihi, basi. Hata kama ameandika kwamba Nairobi iko Uganda, chapa hivyo hivyo. Kadi za harusi zimewahi kutoka humo na jina la bibi harusi limekosewa, na duka likanawa mikono.

Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, alipofungua orodha ya baji arobaini za tamasha la michezo ya mezani, alitazama chini kwanza. Sahihi ya Jeremy, mteja aliyeleta kazi hiyo, ilikuwa pale, imepigwa kwa mbwembwe. Kisha akasoma juu. Nambari moja: JEREMY NJUGUNA, MASTER. Nambari mbili: KANYIVA NZULA, MSAIDIZI WA MASTER.

Msaidizi! Hasira zilimpanda.

Ili uielewe hasira hiyo, ni lazima uujue mchezo wenyewe. Watu watano au sita hukaa mezani, kila mmoja akijifanya mtu wa kubuni: mwindaji, mganga, mwizi wa ngamia. Mmoja wao hana upande. Yeye ndiye anayeijua nchi wanamosafiri wenzake. Yeye ndiye mvua, ndiye askari wa lango, ndiye adui, na ndiye mama muuza uji njiani. Wakirusha dadu, yeye ndiye husema kimetokea nini. Vitabu vya mchezo vinavyotoka ng'ambo vina majina yao ya kumwita mtu huyo, na mengi yana harufu ya ubwana. Kanyiva aliyakataa siku ya kwanza kabisa, miaka saba iliyopita, alipotandaza sebuleni kwake, mtaa wa Woodley, ramani ya nchi hiyo aliyoichapa kwenye mabaki ya karatasi za dukani.

"Mimi si bosi wa mtu," aliwaambia wachezaji wake. "Nyinyi ni wageni kwa hii nchi, mimi ndio mwenyeji. Kazi yangu ni kuwakaribisha na kuwaonyesha mlango. Kuufungua ni kazi yenu."

Tangu siku hiyo wakamwita Mwenyeji, hata wakikutana naye barabarani amebeba sukuma wiki. Kanyiva hana mtoto, kwa hiyo pale mtaani hakuwa Mama Fulani kama wanawake wenzake. Alikuwa "yule wa nyumba ya kona". Jina la mezani ndilo jina pekee ambalo watu walimpa kwa kupenda, na alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Na huyo Jeremy? Alifika kwenye meza hiyo akitoka mtaa wa Mountain View, mwanafunzi wa chuo aliyeogopa kuongea mbele ya watu watatu. Alikunywa chai ya Kanyiva miaka minne, akafunguka mdomo, akafungua klabu mjini, akapata wafadhili. Sasa anajipiga kifua.

Kanyiva alimpigia simu.

"Jeremy, hii orodha yako imekosewa."

"Auntie, usiskie vibaya. Hao wageni wa sponsa wamezoea tu master. Na wanataka sura ya klabu hapo mbele. Mimi nitakalia kiti, wewe ukae kando yangu ukininong'onezea stori. Si ni yako?"

"Na jina langu je?"

"Mwenyeji?" Alicheka kidogo. "Auntie, hiyo inakaa ya ushago, ya watu wa kijijini."

Kanyiva akakata simu. Mzee Kitavi, aliyekuwa amesikia yote, alifanya jambo ambalo hajawahi kufanya. "Kanyiva, badilisha tu," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mzee. Ametia sahihi, nitachapa alivyoandika. Kuvaa ndiko sitavaa."

Akachapa zote arobaini, safi, bila doa.

Jumamosi mchana ukumbi wa mjini ulijaa. Kwenye meza kubwa Jeremy alikuwa amekaa na wageni wawili wa wafadhili pamoja na wachezaji wanne wa Woodley. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Kanyiva alikwenda moja kwa moja, akaiweka ile baji ya msaidizi mbele yake.

"Hii haina mwenyewe," alisema, akageuka.

Kwenye korido, karibu na choo, alipata meza ya plastiki yenye mguu mbovu. Akaikunjia kadibodi chini, akatandaza ramani. Caren, mchezaji wake wa kwanza, akanyanyuka na kumfuata. Kimanzi naye akafuata. Wale wengine wawili walibaki wakizikodolea macho zawadi za wafadhili. Iliuma, tusidanganyane. Kanyiva alifunga macho kidogo, kisha akaanza kusimulia kwa sauti ile ile ya sebuleni, na waliokuwa wakipita kwenda choo wakaanza kusimama.

Baada ya saa moja hivi, Jeremy akatokea, shati limemganda mgongoni. Wachezaji wake, wakisafiri katika nchi ile ile ya Kanyiva, walikuwa wamefika kwenye milango mitatu ya mlimani. Miwili aliijua. Wa tatu haujawahi kufunguliwa na mtu yeyote tangu siku za kwanza za Woodley, na wageni walikuwa wameng'ang'ania huo huo.

"Auntie," alinong'ona, "huo mlango wa tatu uko na nini?"

"Sikusikii."

"Mlango wa tatu..."

"Unamuuliza nani, Jeremy?"

Wale wageni wa wafadhili walikuwa wamemfuata, wamesimama nyuma yake wakisubiri. Jeremy alimtazama Caren, kisha akaitazama baji iliyokuwa kifuani mwake mwenyewe.

"Mwenyeji," alisema, safari hii kwa sauti ya watu wote kusikia, "nyuma ya mlango wa tatu kuna nini?"

Kanyiva akamvutia kiti cha plastiki, akaweka dadu mbele yake.

"Karibu, mgeni," alisema. "Fungua uone."