Msalaba wa Herufi za Kisasa

Mimi ni mchora mabango hapa Kashojwa, na kwa kujisifu sijambo. Siku moja nilikwenda mjini Mbarara, nikaona juu ya duka la simu herufi zilizonipagawisha. O imepasuliwa katikati, A haina kile kijiti cha kati, E ni mistari mitatu inayoelea. Ungedhani zimeshushwa kutoka mwezini! Nikazipiga picha. Nyumbani nikazikata kwa wembe kwenye zile picha za mifupa wanazokupa hospitali. Unalaza picha hiyo yenye matundu ukutani, unagongagonga sponji yenye rangi, basi, herufi imetoka. Kinyozi alizitaka, muuza nguo alizitaka. Kichwa kikanivimba.

Kisha mdogo wangu akafa. Malaria, siku nne tu. Mama alikuwa Mbarara, amelazwa baada ya upasuaji, tukamzika bila yeye. Seremala alileta msalaba, jina likawa kazi yangu. Nikasema mdogo wangu haandikwi ovyo ovyo. Nikampa zile herufi, nyeupe juu ya nyeusi. Watu wakasifu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa katikati ya kilio.

Mama aliporudi alitaka kwenda kaburini. Sikuwa na ubavu wa kumsindikiza. Nikamwambia, "Safu ya mwisho, mama, utaona jina." Alijifunza kusoma uzeeni, parokiani, kwa kuandika majina yetu sisi wanawe wawili. Zaidi ya hayo hakusoma kitu.

Akawa anakwenda kila Jumapili baada ya misa, peke yake. Ikapita miezi. Jumapili moja mawingu yalikuwa mazito, nikamfuata na mwavuli. Nilimkuta amepiga magoti, rozari mkononi, kwenye kaburi lisilo letu. Maandishi ya msalaba wake yalikuwa yamefutika yote. Ule wa mdogo wangu ulikuwa hatua tano nyuma yake, unang'aa.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Ninaongea na mutoto wangu."

"Mama... yeye ni yule pale."

Akauendea, akapitisha kidole juu ya rangi. Kidole kikawa kinakwama kwenye mapengo. "Kumbe haya ni maandishi? Nilizani ni mapambo ya watu wengine."

"Lakini ule hauna jina kabisa, mama!"

"Nilizani mvua imeondoa rangi yako. Nikanyamaza. Ningesema, watu wangekucheka kazi yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi yote ile alikuwa ananisitiri, mimi niliyemficha mwanawe.

Kesho yake tulirudi wote wawili, nikiwa na brashi. Niliziba mapengo moja baada ya jingine, nikairudishia A kijiti chake. Rangi ilipokauka mama akapitisha kidole tena, polepole, akalitamka jina zima kwa sauti. Ndipo akaanguka chini akalia kile kilio cha siku ya mazishi.