Jiwe la Baba Bafuni

Bafu letu ukifungua mlango tu unakutana na ukuta. Kushoto inakaa ndoo, kulia kuna jiwe bapa ambalo baba alikuwa anakalia kuoga, maana mguu wake ulikuwa haukunjiki tangu aanguke na baiskeli kwenye mteremko wa Nyakitonto. Baba alifariki mwezi wa tatu. Wembe wake na mswaki bado viko juu ya jiwe.

Mama anaitwa Maximilla, anauza maharage sokoni Kasulu. Chumba cha mbele alimpangisha mwalimu Swaumu. Mwalimu alikuja kuona, akachungulia bafuni.

"Pasafi, mama. Ila vitu vyangu nitaweka wapi?"

"Patapatikana," mama alisema.

Ijumaa mama alipima nafasi ya bafuni kwa kamba ya gunia, akapiga fundo, tukaenda dukani kwa Isihaka anayeuza vyombo vya plastiki. Isihaka akatoa shelfu ya ngazi tatu.

"Hii ndiyo dawa ya bafu dogo, mama yangu. Juu sabuni, katikati mafuta, chini kandambili."

Mama akanyoosha kamba. Shelfu ilizidi fundo kama kiganja kizima.

"Hilo bafu au kabati la vikombe?" Isihaka akacheka. "Umepima ukuta kwa ukuta?"

"Nimepima ukuta mpaka kwenye jiwe."

"Jiwe! Si unalitoa tu?"

Mama alikuwa anaikunja ile kamba, anaikunjua, anaikunja tena.

"Ni la mume wangu," alisema. "Hatujaganduka."

Isihaka siyo Muha, ila kakaa Kasulu miaka mingi, anajua. Kuganduka ni siku ya kumaliza matanga. Ndugu wakishakutana ndiyo vitu vya marehemu vinaguswa, vinagawiwa. Kabla ya hapo, kwetu havisogezwi. Sisi tunamsubiri baba mdogo Nduwayezu, yuko kambi ya wakimbizi ya Nduta, hajapata kibali cha kutoka.

"Pole sana, mama," Isihaka alisema. Akarudisha shelfu, akaleta kikapu cha waya cha kutundika. "Hiki hakigusi chini."

Tulikitundika juu ya ndoo kwa misumari miwili. Mama akapanga sabuni yake, dodoki na mafuta upande mmoja, upande wa pili akauacha wazi.

Jumamosi mwalimu akahamia. Chupa zake zilijaza ule upande wake zikaingia na wa mama. Likabaki beseni. Akageuka huku, akageuka kule, kisha akausogeza wembe wa baba kwa kidole na kulishusha beseni juu ya jiwe.

"Hapo hapana, mwalimu." Mama alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Samahani, mama. Sasa liende wapi?"

Mama aliingia. Alitoa vitu vyake kikapuni kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitenge. Akatoa na taulo lake kwenye msumari wa ukutani.

"Beseni litundike hapa."

Halafu akaurudisha wembe pale ulipokuwa.

Siku hizi sabuni ya mama inakaa chini ya kitanda, kwenye kifuniko cha ndoo. Anaenda nayo kuoga, anarudi nayo. Anaoga amesimama, na maji yakilirukia jiwe analifuta.

Juzi baba mdogo alipiga simu. Kibali bado, labda mwakani.

"Haya," mama alisema. Akainama kitandani, akachukua kifuniko chake, akaenda kuoga.